Chumba cha Tafakuri

Iko nchi moja yenye bahati kubwa, na jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wakubwa wake ni wanyenyekevu na hawapendi kusifiwa. Nchi hiyo ina jua, ina chumvi, ina Mtukufu, na ina Sheria ya Heshima. Sheria hiyo ni fupi, hata mtoto anaielewa: ni kosa kusema, kuandika, kuchora au kuashiria kwa mkono kwamba Mtukufu huenda chooni. Adhabu yake ni kifungo na kazi ngumu. Hakuna raia aliyewahi kuilalamikia, maana kulalamika kungehitaji kutaja kinacholalamikiwa.

Kwa hiyo Ikulu Ndogo ilipojengwa juu ya mwamba katika mji wa Chumvini, mafundi walipata shida kidogo. Jengo lilihitaji vyoo, lakini vyoo havikuweza kuchorwa. Wakavijenga bila kuvichora, wakavipamba kwa marumaru, wakaviita Vyumba vya Tafakuri. Kisha wakafika kwenye bomba. Kuliunga na mfereji wa majitaka wa mji kulihitaji kibali, na kibali kilitaka kutajiwa bomba linatoka wapi na limebeba nini. Hakuna fundi aliyekuwa tayari kufungwa kwa ajili ya bomba. Wakalipitisha nyuma ya bustani ya mawaridi, wakalitelemsha chini ya mwamba, wakaliacha hapo lijitafutie njia.

Miaka ikapita. Ikulu Ndogo ikaongezwa mabawa, kumbi za mikutano, na nyumba za wageni wa wageni. Tafakuri zikawa nyingi.

*

Katika mji huo alikuwako msichana mmoja, Sikudhani Mbaruku, aliyetoka chuoni karibuni na kuajiriwa kwenye Maabara ya Maji. Alikuwa na koti jeupe, raba zilizochakaa, na imani kwamba ukweli ukishapimwa vizuri hauna mpinzani. Chuoni walimfundisha hivyo, na alifaulu vizuri.

Mambo yalianza kwa watoto. Walikwenda kuogelea, wakarudi wakicheka, na jioni wakashikwa na matumbo. Wengine wakatokwa na vipele mgongoni. Povu la rangi ya chai likatanda ufukweni likawa halitaki kuondoka. Sikudhani akachota maji, akayapima, akayapima tena kwa sababu hakuamini macho yake, akayapeleka majibu kwa mkuu wake, Bwana Dologwa.

"Haya ni maji ya bahari?" Bwana Dologwa aliuliza.

"Ndiyo, bosi."

"Una hakika hukuchota kwenye karo?"

"Wimbi lilinilowesha hadi magoti, bosi."

Bwana Dologwa alikuwa mtu mwema aliyekaribia kustaafu, na wema wake wote alikuwa ameuwekea akiba baada ya kustaafu. Alipumua, akasaini. Kesho yake ufuko ukafungwa. Polisi wakasimika kibao kikubwa: BAHARI IKO LIKIZO.

Wananchi walikisoma wakatikisa vichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu cha serikali kimepewa likizo bila kuomba.

*

Kutoka makao makuu akaja Waziri wa Fukwe, Furaha na Mambo ya Chumvi, Mheshimiwa Profesa Fumbatu, na msafara uliokuwa mrefu kuliko ufuko wenyewe. Alipanda jukwaani, akaziba pua kwa leso, akafungua kinywa.

"Ndugu wananchi! Uchafu huu una mwenyewe! Serikali haiwezi kukaa kimya wakati haja za watu wachache zinahujumu mawimbi ya watu wengi!"

Akaunda Kamati ya Uchunguzi. Kamati ikakaa, ikala, na kabla ya matunda kuletwa mezani ikawa imeshagundua. Uchafu ulitoka Makumbini. Ndio mtaa wa nyumba za udongo na mabati uliokaa kando ya ufuko, pahali pazuri mno, penye upepo safi, ambapo rafiki mmoja wa Waziri alikuwa akiota hoteli kwa muda mrefu. Ikaamriwa Makumbini ibomolewe yote, na kwa kuwa kazi ya namna hiyo inahitaji baraka, Mtukufu mwenyewe angekuja Ikulu Ndogo kuzindua ubomoaji.

Sikudhani alilisikia tangazo redioni, akaketi chini. Makumbini ndiko alikokulia. Wazazi wake walipofariki, alilelewa huko na Shangazi Mashavu, dada wa baba yake, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kila bati lake alikuwa amelishikilia mwenyewe wakati shangazi akipiga msumari.

"Kuna njia ya kujua uchafu unatoka wapi hasa," alimwambia Bwana Dologwa siku ileile. "Tunamwaga rangi kali chooni. Rangi ikitokea baharini, tumempata mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya wapimaji dunia nzima."

"Rangi gani?"

Swali hilo lilipelekwa kwenye Kamati ya Rangi za Taifa. Kijani ilikataliwa kwa kuwa ni ya chama. Bluu iko chini ya jeshi la anga. Njano anaipenda mke wa Mtukufu, na nyekundu wanaipenda watu wasiompenda. Ikabaki rangi ya waridi, ambayo hakuna aliyewahi kukumbuka kuikataza. Sikudhani akapewa makopo mawili ya unga.

*

"Hiyo nini, juisi?" Shangazi Mashavu aliuliza, amesimama mlangoni pa choo chake, mikono kiunoni.

"Rangi, Shangazi. Naomba niimwage humo. Ikionekana baharini, ni sisi. Isipoonekana, si sisi."

"Mwanangu, umesoma mpaka umepitiliza? Choo changu ni shimo. Kina mbao, kina kata, kina mende mmoja namjua kwa sura. Kitafikaje baharini, kina miguu?"

"Najua, Shangazi. Lakini lazima nipime, ndiyo watanisikiliza."

Shangazi alimtazama, akalainika. "Haya, pima. Ila mende wangu usimpake."

Sikudhani akamwaga kopo zima, choo baada ya choo, mtaa mzima. Kisha akakaa ufukweni kwenye mchanga uliokatazwa, akatazama maji yakijaa, yakipwa, yakijaa tena. Bahari haikubadilika. Ilibaki na rangi yake ya chai.

Alipopeleka majibu, roho yake ilikuwa nyeupe. Waziri Fumbatu aliyasoma kwa makini.

"Kwa hiyo Makumbini hakuna bomba hata moja?"

"Hata moja, Mheshimiwa. Vyoo vyote ni vya shimo."

"Ahaa!" Waziri aligonga meza. "Na bado uchafu wao unafika baharini! Bila bomba! Mnaona, mabwana? Hawa watu wana mbinu za siri. Ni hatari kuliko tulivyofikiri. Makatapila yaongezwe."

Sikudhani alitoka mle ofisini. Hakwenda nyumbani. Maji yalikuwa yamepwa, akafuata ufuko mpaka chini ya mwamba, mahali ambapo uvundo ulikuwa mkali hadi machozi yakamtoka. Pale, nyuma ya majani ya bahari, akaliona: mdomo wa bomba, mpana kiasi cha mtu kupita akitambaa, ukitapika bila haya. Akainua macho taratibu. Juu yake kulikuwa na ukuta, na juu ya ukuta yalichungulia mawaridi ya Ikulu Ndogo.

*

Bwana Dologwa alifunga dirisha, akafunga pazia, mwisho akafunga macho.

"Umeona nini?"

"Bomba, bosi. Linatoka kule ju..."

"Shusha mkono!" Sauti ilimkatika. "Kuashiria kwa mkono, Sikudhani! Kumo ndani ya sheria! Shusha!"

Sikudhani akautia mkono mfukoni.

"Lakini bosi, wote tunajua."

"Kujua si kosa. Sheria ina huruma, kujua imekuachia." Bwana Dologwa alijifuta jasho la shingoni. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ndiwe utakayesoma majibu mbele ya Mtukufu. Sentensi moja tu: 'Vipimo vinaonyesha uchafu unatoka Makumbini.' Ukishasoma, katapila la kwanza linawaka. Ukisoma kitu kingine, mimi nina watoto, wewe una ujana wako, na hatutaviona tena."

"Na shangazi yangu?"

Bwana Dologwa alitazama ukutani, penye picha ya Mtukufu akitabasamu.

Usiku ule Sikudhani alikwenda kumwomba Shangazi Mashavu ahamishe vyombo. Shangazi alikuwa akikosha sufuria.

"Nihamie wapi? Mwambie huyo Waziri wako, nyumba hii akitaka kuiangusha, ataniangushia nikiwa nimekaa kizingitini. Na nitavaa kanga mpya, nisije nikaaibika."

"Shangazi, hawatanii."

"Na mimi umeniona nacheka?"

*

Siku ya uzinduzi Ikulu Ndogo ilipambwa kwa bendera hata kwenye miti. Jukwaa lilikabili bahari ili wageni waone vizuri. Kule chini, makatapila yalikuwa yamejipanga mbele ya Makumbini, na kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza ilionekana nukta moja ya kanga ya rangi ya chungwa. Sikudhani aliitambua nukta ile.

Kopo la pili la rangi lilikuwa ndani ya koti lake.

Alilisogelea jengo. Mlinzi mmoja, mrefu kama mlingoti, akamzuia. "Unakwenda wapi?"

"Ndani, afande. Kutafakari."

"Cheo gani?"

"Msaidizi wa maabara, daraja la pili."

"Watu wa daraja lako hawatafakari hapa. Nenda nyuma ya ukuta, kuna kichaka."

Sikudhani alionyesha koti lake jeupe. "Basi nimetumwa kupima maji. Maji atakayonawia Mtukufu. Kama yana wadudu kama yale ya baharini, afande, nani alikuwa mlangoni?"

Uso wa mlinzi ulibadilika. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwongoza ukumbini hadi kwenye mlango wenye nakshi, akaufungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Dakika moja. Na sikia, dada. Humo ndani anaingia Mtukufu peke yake. Sauti yoyote ya maji ikisikika, mimi na wewe tumekwisha."

Kilikuwa choo kizuri kuliko nyumba zote za Makumbini. Sikudhani aliinua kifuniko cha tangi la kuflashia, kigae kikagonga kigae. Akaganda. Nje mlinzi alikohoa. Akamwaga unga wote, maji ya tangi yakawa mekundu ya kuiva, akarudisha kifuniko. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuflashia, ukasimama hapo hapo. Mlinzi alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Angekibonyeza, wangemkamata kabla maji hayajafika nusu ya bomba, na makatapila yangewaka vilevile.

Akautoa mkono. Akatoka.

"Salama?" mlinzi alinong'ona.

"Maji ni safi," alisema, na moyoni akajua amekwama. Rangi ilikuwa tangini, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuishusha alikuwa mtu ambaye, kwa mujibu wa sheria, hakuwa na sababu ya kuingia mle.

*

Mtukufu alikuwa mzee mdogo kuliko picha zake. Aliketi katikati ya jukwaa kwenye kiti kikubwa, magoti ameyabana, uso umekaza, hatikisiki. Magazeti yalisifu sana kukaa kwake kwa namna ile. Yalisema ni uthabiti.

Kwanza kikaimba kikundi cha kina mama. Kisha akahutubia Mkuu wa Mkoa, na mara nne alimkaribisha Mtukufu anywe maji ya dafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali, na mara zote nne Mtukufu alikunywa kwa adabu. Kisha akasimama Waziri Fumbatu.

"Mtukufu! Kuna bahari, na kuna bahari! Lakini kabla sijafika kwenye bahari, naomba nianzie kwenye mto..."

Akaanzia kwenye mto. Akapitia maziwa makuu, chemchemi na maporomoko. Jasho lilimtoka Mtukufu kwenye paji la uso. Sikudhani, aliyesimama pembeni na karatasi yake, aliliona jasho lile. Aliona pia vidole vya mzee vilivyoshika mkono wa kiti, vilivyokuwa vyeupe kwa kubana. Alifikiri ni hasira. Akaogopa zaidi.

"Na sasa," Waziri alihitimisha, "mtaalamu wetu atasoma majibu ya kisayansi, na mara atakapomaliza, makatapila yatafanya wajibu wao!"

Kule chini injini zikawashwa. Moshi mweusi ukapanda. Nukta ya kanga haikusogea.

Sikudhani alishika kipaza sauti. Bwana Dologwa, safu ya nyuma, alikuwa amefumba macho tena. Karatasi ilikuwa na sentensi moja, na maneno yake yalikuwa yakicheza.

"Vipimo vinaonyesha," alisema, sauti ikatoka ndogo. "Vipimo vinaonyesha uchafu unatoka..."

Alitazama chini, kwenye kizingiti. Shangazi alikuwa ameinua mkono kujikinga jua, anatafuta kumwona mtoto wake jukwaani.

"Unatoka humu ndani," Sikudhani alisema. "Humu Ikulu Ndogo. Humu ndani mna vyoo."

Vipaza sauti vililibeba neno lile hadi mjini. Mwanamke mmoja katika kikundi cha nyimbo aliziba masikio. Waziri Fumbatu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe hakikutoka kitu. Maafande wawili wakaanza kumsogelea Sikudhani, taratibu, kama watu wanaomwendea kuku asiruke.

"Choo," alisema tena, machozi yakimlengalenga, kwa sababu sasa hakukuwa na cha kuokoa ila neno lenyewe. "Kipo. Nimekiona. Mlango wenye nakshi, upande wa kushoto."

"Kushoto?"

Sauti ilikuwa nyembamba na ya haraka. Watu walitafuta imetoka wapi. Mtukufu alikuwa amesimama.

"Binti, umesema kushoto? Ukumbini?"

"Ndi... ndiyo, Mtukufu."

"Kiko wazi?"

"Ufunguo anao afande yule, Mtukufu."

"Miaka yote hii," mzee alisema, na aliyasema maneno hayo karibu na kipaza sauti kuliko alivyodhani, "miaka yote hii wananipitisha mbele ya ule mlango na bendi."

Akateremka jukwaani. Kwanza alitembea, kisha akafanya haraka, kisha akashika suruali akakimbia kama mtu wa kawaida, na mlinzi mrefu akakimbia mbele yake huku akivua ufunguo shingoni. Maafande walibaki na mikono hewani, hawajui kama bado ni kosa.

Hakuna aliyekohoa. Kupitia madirisha yaliyo wazi ya Ikulu Ndogo, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa lile, ikasikika sauti ya maji yakishuka.

Sikudhani alikimbilia ukingo wa jukwaa. Alitazama chini ya mwamba, hapumui. Povu la chai lilikuja, likarudi. Likaja tena. Halafu utepe mwembamba wa waridi ukajitokeza kwenye majani ya bahari, ukapanuka, ukashika wimbi, wimbi likampa mwenzake, na ufuko wote wa Chumvini ukawa wa waridi, hadi mbele ya makatapila.

"Mtukufu ametupambia bahari!" Waziri Fumbatu alipiga kelele. "Makofi!"

Wachache walipiga. Mtukufu alikuwa amerudi, anapangusa mikono kwa leso, uso umelegea kama wa mtu aliyelala vizuri. Aliona wote wanatazama bahari, naye akatazama. Akaitazama mikono yake. Akamtazama Sikudhani.

"Ni mimi?"

"Ni ninyi wote wa humu ndani, Mtukufu. Tangu jengo lijengwe."

"Na yale madude kule chini yananguruma nini?"

"Yanataka kubomoa nyumba za watu. Kwa ajili ya uchafu huo."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, na watu wazima wengi jukwaani waliangalia viatu vyao.

"Fumbatu."

"Mtukufu!"

"Waambie yageuke yapande huku. Yachimbe hapa bustanini, mpaka bomba lionekane, liungwe na la mji. Na usinihutubie tena kuhusu mito nikiwa nimekunywa dafu."

*

Jioni redio ya taifa ilikatiza muziki kutangaza habari kubwa: MTUKUFU AVUMBUA CHOO. Profesa Fumbatu alihojiwa, akaeleza jinsi uvumbuzi huo utakavyoliinua taifa, na akateuliwa kuongoza kamati ya kuusambaza hadi vijijini. Kibao cha likizo ya bahari hakikuondolewa. Bahari ilikuwa bado inahitaji muda wa kujisafisha, na safari hii sababu ilikuwa ya kweli.

Sikudhani hakufungwa. Alipata karatasi moja yenye mhuri, aliyoisoma akiwa njiani kwenda Makumbini, akaisoma tena kizingitini, akampa Shangazi Mashavu huku hajui acheke au alie.

"Wamekuandikia nini?" Shangazi aliuliza. "Nishani?"

"Onyo kali, Shangazi. Kwa kosa la kutaja choo kabla hakijavumbuliwa."

Shangazi aliigeuza ile karatasi huku na huku, akaupapasa mhuri kwa kidole gumba. Nje makatapila yalikuwa yakinguruma kule juu mwambani, katikati ya mawaridi, na udongo ukiruka.

"Niletee msumari," alisema. "Ukuta bado tunao."